Kwenda kushinda kwenye bustani tulivu ya kando ya mto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaojiandaa kwenda mtoni kupumzika, kutembea au kutazama ndege. Yameanza na mambo ya kawaida, yakaishia na yale yanayotokea mara chache lakini yakitokea hayakupi muda wa kutafuta jibu. Mito haifanani, kwa hiyo ubao wa kanuni ulioko langoni una nguvu kuliko chochote utakachosoma hapa.

## Kabla ya kwenda

Huko kuna nini cha kufanya?

Swali hili ndilo linaloongoza, na mara nyingi huulizwa na mtu ambaye tayari amefika, amezunguka nusu saa na kuona amemaliza. Kuna kutembea, kutazama ndege, kupiga kafi kwenye maji yaliyotulia, kuvua kwa mshipi panaporuhusiwa, kuchora, kusoma, na kulala chali chini ya mti. Ukitaka bembea, mashindano na muziki, nenda kwingine. Hakuna ubaya, ni sehemu tofauti tu.

Ushauri wangu kwa mgeni wa mara ya kwanza ni huu: usizunguke kwanza. Tafuta kivuli mahali panapoonyesha maji, kaa dakika ishirini bila kuzungumza wala kushika simu. Ulipoingia, viumbe wengi walinyamaza au walijificha. Wakishazoea kuwa umetulia watarudi kwenye shughuli zao, na hapo ndipo utakapoona bustani iliyokuwepo kabla hujafika.

Je, ni kweli kwamba kukaa kwenye mazingira kama hayo kunaleta afya?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Scientific Reports, uliohusisha watu karibu 20,000 wa Uingereza, ulikuta kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuripoti afya njema kuliko ambao hawakwenda kabisa. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za safari moja au zimegawanywa vipande vipande. Lakini utafiti wa aina hiyo hauonyeshi kipi kimesababisha kipi. Huenda wenye afya ndio wanaopata nguvu ya kutoka. Mimi ningekwenda hata kama utafiti huo usingekuwepo.

Niende saa ngapi?

Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza, na kama hukuweza, saa mbili za mwisho kabla halijazama. Ndege hula na kuimba zaidi nyakati hizo, wanyama huja kunywa, na mwanga hauumizi macho. Mchana wa jua kali viumbe wengi hupumzika, na anayefika saa sita mchana hurudi akisema hakuna kitu. Asubuhi ya baridi unaweza kuukuta mto unafuka kama chungu: mvuke unatoka kwenye maji yaliyohifadhi joto la jana, unakutana na hewa baridi na kuwa ukungu. Jua likipanda kidogo unaisha.

Jioni ina kasoro mbili. Mbu huanza kutoka, na giza likikukuta njiani huoni unakokanyaga. Kwenye mito yenye viboko, jioni ndiyo saa wanayotoka majini kwenda malishoni; tazama swali la mamba na viboko.

Msimu upi ni bora?

Wakati wa kiangazi njia ni kavu na maji yamepungua, kwa hiyo wanyama hukusanyika mahali pachache na ni rahisi kuwaona. Wakati wa mvua kuna chura, maua, kereng'ende na ndege wanaojenga viota, lakini kuna tope na mto hautabiriki. Kwa familia yenye watoto wadogo ningechagua kiangazi bila kufikiri mara mbili.

Nibebe nini?

Maji ya kunywa ya kutosha siku nzima, chakula kisichohitaji moto, kofia, losheni ya kukinga jua, dawa ya kufukuza mbu, kisanduku kidogo cha huduma ya kwanza, tochi hata kama unapanga kurudi mchana, na mfuko wa taka. Simu ichajiwe, na uitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika. Kofia isidharauliwe kwa sababu ya miti: maji hurudisha mwanga, na anayekaa ukingoni hupigwa na jua kutoka juu na kutoka chini.

Spika achana nayo. Sababu iko kwenye swali la muziki.

Nguo na viatu je?

Viatu vinavyofunika vidole na visivyoteleza. Ndala ni za kukaa kwenye mkeka. Suruali ndefu hukinga miba, kupe na mbu. Rangi tulivu kama kijani, kahawia au kijivu zinasaidia kidogo kwa kutazama ndege, ingawa mtu aliyevaa nyekundu na kutulia ataona zaidi ya aliyevaa kama askari na kutembea-tembea. Mahali penye mbung'o, epuka buluu na nyeusi. Rangi hizo huwavutia, na mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo.

Mzee au mtu anayetumia kiti cha magurudumu ataweza?

Uliza mambo matatu kabla ya safari: njia imewekewa sakafu ngumu au ni udongo mtupu, kuna ngazi au mteremko, na viti vya kupumzikia vimeachana umbali gani. Jibu la "njia ni nzuri" lisikutoshe, maana kijana mwenye miguu yake husema hivyo hata penye mizizi. Baada ya mvua udongo wa kando ya mto hunasa magurudumu, hivyo hata njia inayopitika wakati wa kiangazi inaweza isipitike wiki inayofuata.

## Njia, ukingo na maji

Nipange vipi muda wa kutembea?

Mtu mzima kwenye njia tambarare huenda takriban kilomita tano kwa saa akitembea mfululizo. Ukiwa unatazama ndege, una watoto, au kuna tope, gawanya kwa mbili, na usishangae ikiwa ni chini ya hapo. Njia za mtoni zina mtego wake: ukishuka kufuata mto, kurudi ni kupanda, na unapanda ukiwa umechoka. Ukiwa na muda wa saa tatu, geuka baada ya kutembea kwa saa moja na robo, siyo saa moja na nusu.

Kwa nini tunakatazwa kusimama ukingoni kabisa?

Kwa sababu ukingo unaouona juu mara nyingi hauna kitu chini. Mto unapopinda, maji ya upande wa nje wa kona huenda kwa kasi zaidi na kula udongo kutoka chini, wakati upande wa ndani maji hupungua kasi na kuacha mchanga. Ndiyo maana upande mmoja wa kona una ufuko mzuri wa mchanga na upande wa pili una ukuta wa udongo uliosimama wima. Ule ukuta unaweza kuwa umechimbwa ndani kwa urefu wa hatua yako nzima, umebaki kushikiliwa na mizizi ya nyasi. Uzito wa mtu mmoja unatosha kuuangusha, na unapoangukia ndipo penye kina na mkondo mkali.

Sababu ya pili ina manyoya. Mdiria wengi hawajengi viota mtini. Huchimba tundu kwenye kingo hizohizo za wima na kutagia mwishoni mwa tundu. Ukiukanyaga ukingo na kuubomoa, unafunika vifaranga. Ukiona mashimo ya mviringo kwenye ukuta wa udongo, kaa mbali na utazame ng'ambo: huenda mwenye nyumba akarudi na samaki mdomoni, akampigapiga kwenye tawi kwanza kabla ya kuingia au kummeza.

Simama hatua tatu au nne nyuma ya ukingo. Penye jukwaa la mbao, tumia hilo.

Naweza kuogelea?

Pale tu ambapo bustani imeruhusu wazi na kuna mtu anayesimamia. Mto siyo bwawa la kuogelea. Uso wake unaweza kuonekana umelala ilhali chini kuna mkondo; kina hubadilika ghafla; magogo na mizizi iliyozama hushika miguu; na mahali ulipooga mwaka jana pamechongwa upya na mvua. Kuruka kichwa mbele kwenye maji usiyoyaona chini ndiyo njia ya haraka ya kuvunjika shingo.

Jihadhari hasa na kizuizi kifupi cha saruji kinachokatiza mto, hata kama maporomoko yake hayafiki kiunoni. Maji yanayoanguka pale hujikunja na kurudi nyuma, na mtu au mtumbwi ukinaswa huzungushwa palepale bila kutoka. Waokoaji wenyewe hupapigia hesabu mara mbili.

Kwa watoto sheria ni moja: aliye karibu na maji awe mahali ambapo mkono wa mtu mzima unamfikia. Anayezama kwa kawaida hapigi kelele, kwa sababu mdomo unatafuta hewa na mikono inasukuma maji. Kimya cha mtoto aliyekuwa akicheza majini ndicho cha kukuinua mbio.

Na kutia miguu tu?

Kama mto uko katika eneo lenye kichocho, hata kutia miguu ni kuingia majini. Vimelea vya ugonjwa huu hukua ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi. Konokono hao hupenda penye majani na maji yaendayo polepole, yaani palepale panapovutia kutia miguu. Kichocho kipo zaidi Afrika, lakini pia sehemu za Amerika ya Kusini, Mashariki ya Kati na Asia. Kujifuta kwa taulo haraka siyo kinga ya kutegemea.

Ukishaingia, usihangaike usiku kucha, kumbuka tu. Ukipata homa, kikohozi au uchovu usioeleweka mwezi mmoja au miwili baadaye, au damu kwenye mkojo, mwambie mhudumu wa afya kwamba uliingia mtoni. Kuna vipimo, na dawa yake, prazikwanteli, inafahamika vizuri. Mwenye kidonda kibichi ana sababu nyingine ya kubaki nchi kavu: bakteria wa homa ya mgunda hutoka kwenye mkojo wa wanyama, hukaa majini na kwenye tope, na huingilia michubuko.

Maji yanaonekana safi kabisa. Naweza kuyanywa?

Hapana, mpaka uyachemshe. Yakishaanza kutokota kwa nguvu, yaache dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari yaache dakika tatu, kwa kuwa huko juu maji huchemka kabla hayajafikia nyuzi 100. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi dawa za mashambani wala kemikali za viwandani. Kwa matembezi ya siku moja ni rahisi zaidi kubeba maji kutoka nyumbani.

Nitajuaje kwamba mto unaanza kujaa?

Mvua iliyonyesha mbali, mahali usipoiona, inaweza kukufikia chini ya anga la buluu. Dalili ni hizi: maji yaliyokuwa meupe yanageuka rangi ya chai ya maziwa, vijiti na majani mengi yanaanza kuelea, sauti ya mto inanenepa, jiwe ulilokuwa unaliona limefunikwa. Ukifika mahali, chagua jiwe au mzizi mmoja kwenye mstari wa maji na ulitazame kila baada ya muda. Dalili moja ikitosha kukutia shaka, panda juu upande wako. Usivuke kwenda kuchukua mkeka uliobaki ng'ambo.

Kivuko kina maji kidogo tu, nipite?

Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na 30 zinaweza kulielesha gari dogo. Kama huoni chini, hujui kama kivuko bado kipo.

Naweza kukodi au kuleta mtumbwi au kayaki?

Bustani nyingi tulivu huruhusu vyombo vya kafi na kukataa vya mashine. Vaa jaketi la kuokolea maisha na ulifunge. Lililowekwa chini ya kiti halimwokoi mtu. Anza kwa kwenda juu dhidi ya mkondo wakati una nguvu, ili kurudi mto ukubebe. Kaa mbali na miti iliyoangukia majini: maji hupita katikati ya matawi, wewe hupiti. Ukitoka mtoni safisha chombo, kimwage maji yote na ukiache kikauke kabla ya kukipeleka mto mwingine. Kipande cha gugu maji kilichokwama chini yake kinatosha kuanzisha tatizo jipya huko. Mmea huo, wenye asili ya Amerika ya Kusini, umesambazwa na binadamu katika mabara mengine na huziba mito na maziwa.

## Ndege, wanyama na wadudu

Kwa nini wengine huona ndege wengi na mimi sioni?

Kwa sababu wametulia na wewe unatembea. Sehemu nyingine ya jibu ni kujua pa kutazama. Korongo husimama kwenye maji mafupi kama kijiti kilichochomekwa, na jicho linalopita haraka humruka. Mdiria hukaa kwenye tawi lililoinamia maji. Mnandi hupenda gogo au jiwe la katikati ya mto na hutanua mbawa zake kwa muda mrefu. Anazikausha, maana manyoya yake huloana, jambo linalomsaidia kupiga mbizi. Yangeyange utamkuta ukingoni au nyuma ya mifugo. Sikiliza kabla ya kutazama: sauti itakuonyesha mti, mti utakuonyesha tawi.

Usisahau vidogo. Kereng'ende unayemwona akizungukazunguka juu ya maji aliishi ndani ya maji hayo kwa miezi, spishi nyingine kwa miaka, akiwinda viluwiluwi, kabla ya kupanda kwenye jani na kuchanika ngozi akatoka na mbawa. Ganda lake tupu hubaki limeng'ang'ania shina la nyasi, na mtoto akionyeshwa moja atatafuta mengine mpaka jioni.

Darubini gani inafaa?

Iliyoandikwa 8x42 humfaa karibu kila mtu. Nane ni mara ngapi inakuza; 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kinavyokuwa kipana ndivyo mwanga mwingi unavyoingia asubuhi na jioni. Wengi hukimbilia 10 au zaidi wakidhani ni bora, kumbe mtikisiko wa mikono nao hukuzwa. Inayokuja na maneno ya kukuza mara 50 kwa bei ya sahani, iache dukani.

Kuna programu ya simu ya kutambua ndege?

Merlin, ya Cornell Lab of Ornithology, husikiliza sauti na kupendekeza jina la ndege. Pakua data za eneo lako ukiwa bado na mtandao. Kwa mimea na wadudu kuna iNaturalist, inayopokea picha na kuruhusu watumiaji wengine kuthibitisha. Yachukue majibu yake kama ya rafiki anayejua mengi na kukosea mara mojamoja. Kitu kimoja nisichokipenda ni mtu kucheza rekodi ya mlio wa ndege ili amvute atoke. Ndege hudhani mpinzani ameingia kwenye himaya yake, huacha kiota na kuja kupigana na spika.

Naweza kuwalisha bata au nyani?

Usiwalishe. Mkate hujaza tumbo la bata bila kumjenga, na unaobaki huozea majini. Nyani akishajifunza kwamba mfuko una chakula, ataufungua wa mgeni anayefuata kwa nguvu, na mwisho wa safari hiyo kwa kawaida huwa ni risasi.

Mamba na viboko: ni umbali gani ulio salama?

Kama mto una mamba, umbali salama kutoka kwenye maji ni ule ambao bustani imeweka. Kama haijaweka, usikaribie maji kabisa. Mamba hujificha kwenye kina kidogo sana na hukariri mahali watu wanaporudi mara kwa mara, kwa hiyo pahali "tunapochotea maji kila siku" ndipo pabaya zaidi. Kiboko ni mla nyasi na ni hatari vilevile. Akiwa nchi kavu, usikae kati yake na mto. Akishtuka atakimbilia majini kupitia njia iliyo fupi, na wewe uko juu yake. Anakimbia kuliko unavyodhani. Njia pana zilizofyekwa kwenye majani kuelekea mtoni ni zake, usitandike mkeka hapo.

Nyoka na nyuki je?

Nyoka wengi huondoka wakihisi mtikisiko wa hatua zako. Usitie mkono kwenye mashimo au chini ya magogo, na usiruke gogo bila kuona upande wa pili. Akikuuma, kiungo kisitikiswe, vua pete na viatu kabla hakujavimba, nenda hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana damu.

Nyuki wakikuvamia, kimbia moja kwa moja huku umefunika uso, mpaka kwenye gari au jengo linalofungika. Kujitosa majini hakusaidii. Wanangoja juu, na wewe utahitaji kupumua.

## Adabu za mahali

Kwa nini hata muziki wa sauti ya chini unakatazwa?

Kwa sababu kando ya maji hakuna sauti ya chini. Asubuhi na jioni hewa iliyogusa maji huwa na ubaridi kuliko iliyo juu yake, na sauti inayopanda hupindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yanaweza kusikika ng'ambo neno kwa neno, pamoja na yale ambayo wasingependa yasikike. Muziki wako unawafikia wote, na ndege wanaotegemea sauti kutafuta wenza na kuonyana hawasikilizani tena. Vaa vipokea sauti vya masikioni kama ni lazima, ila sikio moja liwe wazi usikie mto.

Tunaweza kuwasha moto wa kupikia?

Kwenye majiko yaliyojengwa kwa kazi hiyo tu, na siku isiyo na upepo mkali. Zima kwa maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha sogeza kiganja karibu. Kama bado kuna joto, haujazimika. Kufukia makaa kwa mchanga ni kumtegea mtoto wa miguu mitupu atakayekuja kesho.

Taka za chakula si zinaoza zenyewe?

Zinaoza polepole kuliko unavyofikiri, na kabla hazijaoza huwafundisha wanyama kuja kwenye meza za watu. Maganda na mifupa virudi nyumbani pamoja na chupa. Uzi wa kuvulia samaki ndio taka ninayoichukia kuliko zote: hauonekani, na ndege akiunasa mguuni huuvuta mpaka ukate.

Hakuna choo karibu, nifanyeje?

Nenda angalau mita 60 kutoka kwenye maji na njia, chimba shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, fukia vizuri. Karatasi zitie kwenye mfuko urudi nazo. Waulize walinzi kwanza, huenda choo kipo nyuma ya kona.

Naruhusiwa kuja na mbwa, droni au ndoana?

Mbwa, pale anaporuhusiwa, awe kwenye kamba. Wako ndege wanaotagia chini, na mbwa mpole akipita kwa furaha tu humfanya mama aache mayai juani. Asinywe maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Huenda ni sianobakteria, bakteria wa majini wanaofanana na mwani, na sumu yao huua mbwa haraka.

Droni nyingi hukatazwa, na nchi nyingi zinahitaji kibali cha mamlaka ya anga. Kwa ndege wadogo inafanana na mwewe.

Kuvua kunahitaji leseni sehemu nyingi na hufungwa msimu wa samaki kuzaliana. Ukiwa unamrudisha samaki, loweka mikono kabla ya kumshika ili usimtoe ule ute unaomlinda, na asikae nje ya maji kuliko unavyoweza wewe kuzuia pumzi.

## Yatokeayo mara chache

Radi zikianza tukiwa mtoni?

Toka majini na mbali na miti mirefu inayosimama peke yake. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo; kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, uwe tayari ndani ya jengo lililozungukwa na kuta au ndani ya gari lenye paa la chuma, vioo vimefungwa. Banda la nyasi lisilo na kuta hukukinga mvua, si radi. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Wengi huumia kwa kurudi mapema.

Mtu ametumbukia na mkondo unambeba. Tufanye nini?

Usimfuate majini, mara nyingi aliyeruka kuokoa ndiye anayezama. Piga kelele, tuma mtu akaite walinzi, mnyoshee ufito au tawi, mrushie kamba, dumu tupu lililofungwa, chochote kinachoelea. Lala kifudifudi unapomvuta ili asikuvute wewe. Mwingine akimbie ukingoni kuelekea mto unakokwenda, asimpoteze machoni.

Ukiwa wewe ndiye uliyebebwa: lala chali, miguu mbele kuelekea unakopelekwa, vidole juu ya maji. Usijaribu kusimama mpaka maji yawe mafupi kabisa, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utakulaza na kukushikilia chini. Piga mikono kimshazari kuelekea ukingo wa karibu, hasa upande wa ndani wa kona penye mchanga, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la ukingo.

Giza limenikuta na sijui nilipo. Si nifuate tu mto?

Kufuata mto ni ushauri wa zamani wenye ukweli nusu. Mto unaweza kukupeleka kwenye makazi, na unaweza kukupeleka kwenye kinamasi, kona zilizochimbwa chini na njia za viboko. Kama njia unaiona, rudi ulikotoka. Kama huioni, kaa mahali pakavu palipoinuka, mbali na maji, piga simu au tuma ujumbe mfupi, ambao wakati mwingine hupita pale simu inapokataa. Filimbi tatu, nafasi, filimbi tatu: watafutaji wengi wanaijua kama ishara ya msaada. Kumwambia mtu wa nyumbani saa unayotarajia kurudi ndiko kunakofanya kuwe na watafutaji.

Tumekuta samaki wengi wamekufa wanaelea. Tumwambie nani?

Walinzi wa bustani mara moja, na kama hawapo, ofisi ya maji au mazingira ya eneo hilo. Sababu inaweza kuwa ya kawaida, kama oksijeni kupungua majini baada ya joto kali au majani mengi kuoza, na inaweza kuwa sumu iliyomwagwa. Hutaweza kutofautisha kwa macho. Toa watoto na mbwa majini, msiwaguse samaki, na msiwaokote kwenda kupika hata kama wanaonekana wabichi. Piga picha inayoonyesha samaki na mandhari ya nyuma, andika saa, rangi na harufu ya maji, na kama waliokufa wanaanzia mahali fulani tu, taja mahali hapo. Sumu huchukuliwa na mkondo, hivyo taarifa ya saa ileile ina thamani kuliko ya kesho yake.